UZI: Leaf kuukuu hapa Mombasa, fundi akisema "betri imekufa" mdai namba kabla ya pesa

Mvita_Umeme

Hamjambo wadau. Uzi huu ni wa wenye Nissan Leaf, yale magari ya umeme, za kitambo ambazo sasa zimefika umri wa kusumbua. Malalamiko yanayozunguka mjini ni yale yale. Gari linapelekwa gereji na taa ya njano, fundi analisoma kwa mashine ya magari ya petroli, kisha anatoka na jibu moja: betri kubwa imekufa, ibadilishwe. Mwenye gari anatajiwa bei inayokaribia thamani ya gari lenyewe, au anabadilishiwa kitu kizima na taa inarudi baada ya siku chache. Inaudhi sana, kwa sababu Leaf inajieleza kwa namba kuliko gari lolote la rika lake. Anayepima hahitaji kubahatisha.

Kwanza lijue gari lako. Kwenye logbook, chesisi ikianza na ZE0 ni toleo la kwanza, la 2010 hadi 2012. AZE0 ni la mwisho wa 2012 hadi 2017. ZE1 ni umbo jipya lililotoka Oktoba 2017 na betri ya kWh 40 (yaani uniti 40 za umeme). Tofauti hii inagusa mfuko. Kwenye ZE0 chaja ya ndani imekaa nyuma, kwenye ile nundu ya buti. Kwenye AZE0 imehamia chini ya boneti na kuunganishwa na kigeuzi cha kuchaji betri ndogo ya V 12 ndani ya sanduku moja. Fundi akiagiza chaja bila kuuliza chesisi, jiandae kupokea spea isiyokaa.

Pili, nunua kidude cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari) cha Bluetooth na uweke programu ya LeafSpy Pro kwenye simu. Soketi yake iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Jihadhari na vile vya ELM327 vya bei ya chini kabisa vilivyoandikwa toleo 2.1, vingi havielewani na Leaf.

Ukishaunganisha, soma vitu vinne. SOH ni afya ya betri kwa asilimia. AHr ni ujazo, na kwa betri ya kWh 24 ikiwa mpya huwa karibu 65. Hx inahusiana na ukinzani wa ndani: ikiwa chini sana kuliko SOH, betri italegea mapema ukikanyaga mafuta na taa ya kobe (gari limepunguza nguvu) itawaka huku dashibodi ikidai bado kuna chaji. Cha nne ni tofauti ya mV (milivolti) kati ya seli iliyo juu na iliyo chini kabisa. Betri ya kWh 24 ina moduli 48, kila moja ina seli 4, na kompyuta yake inasoma jozi 96 za seli. Gari likiwa limetulia, tofauti ya mV 10 hadi 30 ni ya kawaida.

Piga picha ya skrini mara tatu: chaji ikiwa juu ya 80%, ikiwa chini ya 25%, na mwenzako akiwa anapiga wakati gari linavuta kwa nguvu. Ile ya chini ya 25% usiikose. Seli mgonjwa hujificha betri ikiwa imejaa.

Mistari 12 ya afya ya betri iliyo pembeni ya dashibodi isikutishe peke yake. Mstari wa kwanza hupotea afya ikishuka karibu na 85%, kisha kila mmoja ni kama 6.25%. Mwenye mistari 9 yuko kati ya 66 na 72, na gari hilo bado linafanya kazi ya mjini. Ukiwa na kWh 15 hivi za kutumia na kwa wastani wa kilomita 6 kwa kila kWh, Mtwapa unaenda na kurudi bila wasiwasi. Malindi, kama kilomita 120, usijaribu bila mahali pa kuchaji njiani.

FundiWaya_Changamwe

Umesema vyema. Mimi naongeza betri ndogo ya V 12, maana ndiyo inayosingiziwa kuwa betri kubwa kuliko kitu kingine chochote. Ikidhoofika, kompyuta za gari zinakosa umeme wa kutosha wakati wa kuamka na zinaanza kutupa makosa ovyo: breki, usukani, ABS, taa ya gari la umeme, zote kwa pamoja. Mtu akiona mti wa Krismasi kwenye dashibodi anaamini gari limekwisha.

Pima hivi. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, inua boneti uliyoiacha bila kufungwa tangu jana na uweke multimita kwenye vichwa vya betri. V 12.6 kwenda juu ni nzima. V 12.4 inavumilika. V 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 usijadili. Kisha washa mpaka iandike READY na upime tena: lazima uone kati ya 13 na 14.5. Ukibaki kwenye 12 na kitu huku READY imewaka, tatizo ni kigeuzi au fyuzi yake, na betri mpya itakufa vilevile.

Leaf za Japani zilikuja na 46B24L. Madukani kwetu iulize kama NS60L. Hiyo L usiiache, ndiyo inayoonyesha chanya iko upande gani. Ukipewa NS60 ya kawaida, waya hazifiki vizuri na kuna fundi atakayezivuta kwa nguvu au kuzifunga kinyume. Ukifunga kinyume unaunguza fyuzi kuu, na pengine kigeuzi nacho.

Kuanzishiwa na gari jingine kwa jampa inaruhusiwa. Leaf kumwanzishia mwenzake, hapana, hata akikubembeleza.

MamaLeaf_Nyali

Shukran kwa maelezo. Nina swali lenye namba, naomba wajuzi mnisaidie. AZE0, SOH 71, Hx 55, mistari 9. LeafSpy inaonyesha jozi ya 37 iko chini ya wenzake kwa mV 90 hivi. Ya 38 iko juu kwa karibu kiasi hicho hicho. Fundi anasema pakiti nzima ibadilishwe. Ni kweli?

Mvita_Umeme

Dada, kabla ya jibu: hiyo mV 90 inabadilika chaji ikishuka, au gari likivuta kwa nguvu?

MamaLeaf_Nyali

Haibadiliki sana. Likisimama, likitembea, chaji ikiwa juu au chini, ni ile ile.

Mvita_Umeme

Basi usimpe mtu pesa ya pakiti. Jozi za 37 na 38 ziko ndani ya moduli moja, ya 19 (kila moduli ina jozi mbili, kwa hiyo 37 na 38 ni ya 19, 39 na 40 ni ya 20, na kuendelea). Moduli ina vichwa vitatu: chanya, hasi, na cha katikati. Kompyuta inasoma jozi ya kwanza kutoka upande mmoja mpaka katikati, na ya pili kutoka katikati mpaka upande wa pili. Kichwa cha katikati kikishika kutu au waya wake mwembamba wa kupimia ukilegea, kipimo cha jozi moja kinashuka na cha jirani yake kinapanda kwa kiasi hicho hicho. Seli zenyewe hazina neno. Kinachotakiwa ni kusafisha na kukaza pale, na unyevu wetu huu wa pwani ndio mshukiwa wa kwanza.

Seli iliyochoka kweli ina tabia nyingine. Betri ikiwa imejaa inaonekana sawa na wenzake. Chaji ikishuka, pengo linafunguka: mV 40, 80, 150. Ukikanyaga mafuta linaongezeka zaidi, na jirani yake hapandi. Hiyo ndiyo inayoleta kobe.

Kuna hali ya tatu: tofauti ni sifuri gari likisimama, jozi inashuka ukivuta, na inaruka juu ya wenzake unapochaji au unapoachia gari lijirejeshee umeme. Hapo ni ukinzani. Inaweza kuwa seli, lakini kagua kwanza ile sahani ya shaba inayounganisha moduli na bolti zake. Moduli nyingi nzuri hutupwa kwa kosa la bolti.

FundiWaya_Changamwe

Naomba nisisitize jambo moja kwa wanaosoma hapa wakiwa na spana mkononi. Betri hii ikijaa inakaribia V 395 za mkondo mnyoofu. Plagi ya usalama iko katikati ya sakafu mbele ya kiti cha nyuma, chini ya kapeti na kifuniko chenye bolti. Zima gari, peleka ufunguo mbali, toa hasi ya betri ndogo, chomoa plagi ukiwa na glavu za mpira za V 1000 zisizo na tundu, uiweke mfukoni mwako wewe mwenyewe, kisha subiri dakika 10 kapasita za inveta zishushe umeme. Halafu pima ujiridhishe, kwa mita ya daraja la CAT III ya V 1000. Mita ya bei ya chini ya barabarani usiitumie.

Na plagi ikishatoka, ndani ya betri umeme bado upo. Plagi inakata mzunguko tu, moduli zinabaki hai, na nusu ya pakiti inatosha kuua. Fundi asiyejua hili hafai kufungua kifuniko, hata akiwa amefungua injini elfu.

MtwapaKm

Swali la haraka. Kifuniko kikishafunguliwa kinafungwa kwa nini?

FundiWaya_Changamwe

Gundi ya kuzuia maji ya polyurethane au butyl, mzunguko mzima bila kukatika, baada ya kukwangua ile ya zamani yote. Silikoni inayonuka siki usikubali. Ile inatoa asidi inapokauka na inakula chuma na shaba. Pakiti iliyofungwa vibaya inaingiza hewa ya unyevu, inatoa jasho ndani usiku, na mvua za Aprili na Mei zikifika mtu anapata kosa la umeme kuvuja. Ndiyo maana gari lililofunguliwa betri mara moja hapa pwani linaanza kusumbua kila msimu.

Barafu_Kongowea

Umeme kuvuja mmeugusa, niufungue zaidi, kwa sababu sisi wa AC ndio tunaosababisha sehemu kubwa ya kesi hizi na wengi wetu hatujui.

Kompresa ya Leaf haizungushwi na mkanda. Ina mota ndani inayotumia umeme wa betri kubwa, na gesi pamoja na oili vinapita juu ya nyaya za mota hiyo. Kwa hiyo oili lazima iwe ya POE, isiyopitisha umeme. Magari ya petroli yanatumia PAG, nayo inapitisha. Fundi akijaza gesi ya Leaf kwa mashine ile ile aliyotoka kujazia Probox, PAG iliyobaki kwenye mipira inaingia. AC inapoa vizuri, mteja anafurahi, analipa. Baadaye ukinzani kati ya umeme mkubwa na bodi la gari unashuka, gari linatoa P0AA6 (kosa la umeme kuvuja) na kukataa kuingia READY. Mteja anakimbilia kwa fundi wa umeme, anaambiwa betri. Kumbe ni oili.

Ukienda kujaza gesi fanya hivi. Uliza oili gani kabla hajagusa valvu. Ikiwa hana POE kwenye chupa iliyofungwa, ondoka. Mwambie atumie mipira na geji zake zisizopita kwenye mashine ya PAG, au azisafishe kwanza. Gesi ni R134a, ipimwe kwa gramu kulingana na stika iliyo chini ya boneti, wala si kwa kushika bomba na kusema "imeshapoa". Kabla ya gesi, mfumo uvutwe vakyumu dakika 30 angalau, kisha uachwe uonekane kama sindano inarudi. Na rangi ya kutafutia uvujaji iwe ile inayokubaliana na POE.

Ikiwa PAG imeshaingia, kuimwaga na kuweka POE hakutoshi sikuzote. Mara nyingi kompresa inabadilishwa na mabomba yanaoshwa. Ndiyo sababu nasema kwa nguvu: chupa ndogo ya oili isiyo sahihi inaweza kukugharimu kompresa nzima, na usipopata fundi makini, itakugharimu betri uliyobadilisha bure.

Mvita_Umeme

Maelezo ya dhahabu haya. Kwa anayepata P0AA6, utaratibu ni kutenga kipande kimoja kimoja. Umeme mkubwa ukishakatwa kama fundi alivyoeleza juu, chomoa plagi ya machungwa ya kompresa na upime kwa mega (kipima uvujaji wa umeme) ya V 500 kati ya kila kichwa na bodi la gari. Halafu hita ya PTC, ile ya kupasha joto ndani ya gari. Halafu inveta na mota. Kifaa kizima kinatoa megaohmu, kilichoharibika kinashuka kwenye kiloohmu. Betri yenyewe usiipige mega bila kitabu cha huduma, utaua kompyuta yake. Ukirudisha plagi hakikisha zimebana mpaka zilie, kwa sababu kuna waya mwembamba wa usalama unaopita humo; plagi moja isipokaa, gari haliwaki, na fundi asiyelijua hilo anaanza kutafuta ugonjwa mpya alioutengeneza mwenyewe.

Kisauni_2013

Langu halichaji nyumbani. Nikilichomeka, taa nyekundu kwenye kisanduku cha waya wa kuchajia. Ofisini linachaji. Gereji moja imenikadiria chaja mpya ya ndani.

ErthiKwanza

Kaka, likichaji ofisini kwa waya huo huo, chaja ya ndani ni nzima. Hapo hakuna mjadala. Tatizo liko ukutani kwako.

Chukua multimita, weka kwenye AC, uwe mwangalifu. Laini na nyutro: V 240 hivi. Laini na erthi: iwe karibu sawa na hiyo. Nyutro na erthi: volti chache tu, au sifuri. Ukiona laini na erthi inatoa mia na kitu, au namba inayoyumba, huna erthi. Pasi na friji haziulizi erthi, ndiyo maana hukujua. Kisanduku cha kuchajia kinaipima kabla ya kuruhusu umeme, na kisipoiona kinakataa. Kinakulinda.

Nyumba nyingi za zamani, Majengo, Mji wa Kale, hata Tudor, fimbo ya erthi ilizikwa zamani na kiungo chake kimeliwa na chumvi. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), apige fimbo mpya, apime ukinzani wa ardhi kwa kifaa chake na akuandikie namba. Akimaliza akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi: waya wa mm² 4, breka ya A 20, na RCD (inayokata umeme ukivuja) ya mA 30 ya aina A. Kinga ya mawimbi ya umeme iwekwe pia. Umeme ukipotea na kurudi kwa kishindo, chaja ya ndani ndiyo inayopokea.

Sasa waya wenyewe. Ule wa Japani uliokuja na gari ulitengenezewa V 200 na unaliambia gari livute mpaka A 15. Watu wanakata plagi yake na kufunga ya A 13 ya ukutani. Saa mbili, tatu, plagi inapata moto, plastiki inayeyuka, soketi inakuwa nyeusi. Usifanye. Nunua waya ulioandikwa V 230 au 240, unaoweza kuwekwa A 8 au 10. Kwa A 10 unapata kW 2.4, na betri ya kWh 24 iliyobaki na afya ya 70 inajaa kwa saa 7 hivi, usiku mmoja. Eksitensheni hapana, hata ile nene.

Kisauni_2013

Laini na erthi inasoma 108.

ErthiKwanza

Ndiyo hiyo. Usilipe chaja.

MtwapaKm

Kuna mambo mawili mengine ya kuchaji ambayo gereji huyatoza kama ugonjwa. Moja ni taima. Mjapani aliyekuwa na gari aliweka lichaji saa fulani za usiku, na saa ya gari haijawahi kurekebishwa kuwa ya kwetu. Unachomeka jioni, halianzi. Futa taima kwenye menyu, au bonyeza kitufe cha kuchaji papo hapo. La pili ni mpangilio wa kuishia 80% uliomo kwenye matoleo ya mwanzo ili betri idumu. Gari likiishia 80 kila siku kwa usahihi, hilo si kosa.

Menyu ziko kwa Kijapani, najua. Elekeza kamera ya simu yenye tafsiri, zinasomeka.

Na pini za soketi ya gari: zile mbili ndogo ndizo zinazozungumza na kisanduku. Zikiota kijani, piga dawa ya kusafishia viungo vya umeme na uziache zikauke. Msasa usiguse, zimepakwa fedha.

Ila kwenye moduli natofautiana kidogo na Mvita_Umeme. Kubadilisha moduli mojamoja kwenye betri iliyochoka hapa Mombasa ni kutupa pesa. Leaf haina maji ya kupoza betri, inategemea hewa tu, na hewa yetu ya Februari na Machi inafika nyuzi 32, 33, usiku haishuki vya kutosha. Ukibadilisha moja leo, nyingine inafuata. Bora mtu akusanye pesa anunue pakiti.

Mvita_Umeme

Hoja yako ina uzito, lakini inategemea umbo la namba. Jozi 94 zikiwa pamoja na 2 zikiwa zimeachwa mbali, badilisha moduli moja. Betri inaishia pale seli dhaifu inapoishia, kwa hiyo moduli moja inaweza kukurudishia kilomita nyingi. Lakini ukiona ngazi, nyingine chini kidogo, nyingine chini zaidi, kumi zimetawanyika, hapo uko sahihi. Na SOH ikiwa chini ya 60, moduli mpya haitaokoa kitu, itazungukwa na wazee.

Anayebadilisha, moduli ya kuweka iwe ya aina ile ile na afya inayokaribia ya wenzake. Yenye afya 90 katikati ya za 70 haikuletei faida. Kabla ya kuifunga, ilingane nazo kwa volti, tofauti isizidi V 0.02, kwa sababu kompyuta ya Leaf inasawazisha kwa mkondo mdogo mno na pengo kubwa litachukua muda mrefu kuzibika. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu. Kukaza kwa hisia ya mkono kunavunja kichwa cha moduli au kunaacha ukinzani.

FundiWaya_Changamwe

Na anayenunua pakiti nzima iliyotumika ajue kosa la P3102. Kompyuta iliyo ndani ya betri imeoanishwa na gari. Ukiweka betri ya gari jingine bila kuoanisha upya kwa Consult III plus, mashine ya Nissan yenyewe, gari linaikana. Muulize fundi kabla hajaishusha: unayo Consult, au unaazima kwa nani? Njia nyingine, kama pakiti ni ya aina ile ile, ni kubakisha kompyuta ya zamani na kuihamishia kwenye moduli mpya. Hapo kosa halitokei, ila SOH itaendelea kuonyesha namba ya zamani kwa muda mpaka kompyuta ijifunze au ifutwe kumbukumbu. Kuweka kWh 30 au 40 kwenye gari la 24 kunahitaji kifaa cha kati cha kutafsiri mawasiliano ya kompyuta za gari (CAN), na hiyo ni kazi ya mtu aliyeifanya kabla.

Pakiti ya kWh 24 ina karibu kilo 300. Ishushwe kwa meza ya kuinulia. Jeki mbili na mbao ni hatari kwa watu na kwa betri.

Kisauni_2013

Kuna pakiti naonyeshwa, mistari 12 kamili. Niamini?

Mvita_Umeme

Usiiamini kwa mistari. Kompyuta ikifutwa kumbukumbu inaonyesha 12 hata betri ikiwa imechoka, kisha inashuka polepole kadiri inavyojifunza, na wakati huo muuzaji hapokei simu. Huu ni wizi na unaumiza watu. Dai ifungwe kwenye gari, uiendeshe kutoka 90% mpaka chini ya 20% huku LeafSpy ikihesabu kWh zilizotoka. Ya kWh 24 yenye afya kweli itatoa zaidi ya kWh 14 katika safari hiyo. Ikitoa 9, mistari ilikuwa ya kupakwa. Tazama pia Hx: SOH 98 yenye Hx 50 haiingii akilini.

BiSheria_Ganjoni

Kwa upande wa karatasi: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima ya ukarabati wa magari. Fundi anatakiwa akupe makadirio kabla ya kukutoza. Omba yaandikwe, na yaandikwe kwa namba: kosa lililosomwa, kipimo kilichochukuliwa, kifaa gani kitabadilishwa, kwa nini. Omba spea ya zamani urudishiwe, hasa moduli. Moduli "iliyokufa" yenye V 7.5 ina soko, na bila shaka haikuwa imekufa. Malipo ya kupima yatenganishwe na malipo ya kutengeneza, ili uwe huru kuondoka na majibu yako.

Barafu_Kongowea

Ahsante Bi. Na mafundi wenzangu wasichukie, karatasi hiyo inatulinda na sisi.

MtwapaKm

Yanayosahaulika: breki na jeki. Leaf inajizuia kwa mota, kwa hiyo pedi hazichakai, lakini pini za kalipa zinaganda kwa chumvi ya hewa na diski zinaota kutu. Kila mwaka zitolewe, zipakwe grisi ya silikoni. Oili ya giabox ni Matic S, lita moja na kidogo, jaza mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia.

Kwa wa tairi, simama naye. Jeki iwekwe kwenye alama za ubavuni tu. Bamba pana la chini ni betri, na akiliinulia hapo analibonyeza juu ya moduli.

MamaLeaf_Nyali

La mwisho kutoka kwangu. Gari likiachwa miezi miwili bila kuendeshwa, liachwe vipi?

FundiWaya_Changamwe

Chaji 40 hadi 50%, kivulini, lisichomekwe. Usiliache limejaa, joto pamoja na chaji ya juu ndivyo vinavyoila betri hii kuliko kilomita. Toa hasi ya betri ndogo, na kabla ya kuitoa chukua kila kitu kilicho kwenye buti, kwa sababu mlango wa nyuma unafunguka kwa umeme. Ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti uwe nao wewe. Ukirudi, fungua mlango wa dereva kwa ufunguo huo, vuta kamba ya boneti, pima betri ndogo kabla ya kurudisha hasi. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwa chaja yake kwanza, ndipo uwashe gari.